Redio ya Mzee Maganga Isiyo na Bodi

Kwa siku kumi na moja nilimtazama mtu mzima, mwenye akili zake timamu, akisikiliza redio ambayo ndani haikuwa na kitu.

Betri zilikuwemo. Spika ilikuwemo. Kilichokosekana ni bodi, ile sahani ya kahawia yenye mistari ya shaba na transista juu yake. Bila hiyo, redio ni sanduku tu lenye mkono wa kubebea.

Najua haikuwemo kwa sababu ilikuwa bwenini, ndani ya sanduku langu, imefichwa kwenye soksi.

Kila siku saa saba mchana mzee anazungusha swichi. Anaweka sikio. Anatulia kama dakika kumi. Kisha anaizima, anafuta mikono kwenye aproni na kusema kwa sauti, "Leo hajasomwa."

Halafu anatugawia maharage.

Sasa tulieni niwaeleze, maana katika kesi hii mimi ndiye mshitakiwa na mimi ndiye shahidi.

Ilikuwa mwaka 1977. Nilikuwa kidato cha tatu, shule ya bweni nje kidogo ya mji wa Iringa. Jina langu Alinanuswe, kwetu Mbeya.

Kazi yangu rasmi ilikuwa kusoma. Kazi yangu halisi ilikuwa utundu. Mimi ndiye niliyemvalisha mbuzi wa mwalimu mkuu tai ya shule, naye akahudhuria paredi mwanzo hadi mwisho bila kusinzia, jambo lililowashinda viranja wengi.

Rafiki yangu Philbert alipiga gitaa kwenye bendi ya shule. Likizo moja alisikia santuri yenye gitaa linalonguruma kama nyuki waliofungiwa kwenye debe. Akarudi shuleni mgonjwa.

"Alina, ile sauti inatoka kwenye kikanyagio," aliniambia. "Kiboksi kinakaa chini, unakikanyaga, gitaa linakasirika."

"Ndani kina nini?"

"Transista mbili na takataka kidogo."

"Mbili tu? Basi hesabu kimeshapatikana."

Tulikwenda mjini kwa fundi Mrisho, mtengeneza redio. Baba yake alihamia Iringa kutoka pwani, na Mrisho alirithi kofia, utaratibu na maneno mengi. Alituchorea saketi nyuma ya pakiti ya sigara. Transista mbili alitupatia. Nikamwuliza tuzifunge juu ya nini.

Akaweka vitu vitatu mezani.

Cha kwanza kilikuwa kipande cha ubao wa msonobari kilichopigiliwa misumari midogo, waya zimezungushwa kwenye misumari na kuchomewa kwa risasi ya kulehemu. Cha pili, plastiki ngumu aliyoitoboa mwenyewe vitobo mia moja kwa msumari wa moto. Cha tatu, bodi iliyotoka kwenye redio iliyokufa.

Mimi nikanyoosha mkono kwenye cha tatu. Ilikuwa inang'aa, bwana. Ilionekana kama kitu cha Ulaya.

Mrisho akanipiga kikofi mkononi.

"Hiyo acha. Hii mistari ya shaba imeshachorwa njia zake na aliyeitengeneza. Umeme wako utafuata safari ya mtu mwingine. Wewe ndiyo kwanza unajaribu, mwanafunzi. Chukua ubao. Ukikosea, unang'oa msumari, unapiga pengine."

"Fundi, tutapandaje jukwaani na ubao wa misumari? Watu watadhani tumeleta mtego wa panya."

"Gitaa lina macho?"

Philbert alicheka. Mimi sikucheka. Nilitaka bodi inayong'aa.

Na nilijua ilipo.

Redio ya Mzee Maganga, mpishi wetu, ilikaa dirishani jikoni. Mzee alikuwa Msukuma, wale waliohamia bonde la Usangu na ng'ombe wao. Alituita kwa majina ya tulikotoka. Mimi nilikuwa "Mbeya". Philbert alikuwa "Njombe". Alinipenda, sijui kwa nini. Kila siku ya makande aliniwekea ukoko wa sufuria.

Mkewe, Ng'washi, alikuwa mgonjwa nyumbani, Chimala. Mzee alishamaliza likizo yake yote kumuuguza. Simu kijijini kwao hakuna. Barua wiki mbili. Kwa hiyo siku anaondoka kurudi kazini, shemeji yake Bujiku, kaka wa Ng'washi, alimwambia wazi: "Likitokea la kutokea, tutalipeleka redioni. Wewe sikiliza tu."

Wa umri wangu wanakumbuka. Matangazo ya vifo yalikuja mchana baada ya taarifa ya habari, na nchi nzima ilinyamaza. Mtu anakaa na kijiko hewani mpaka majina yaishe.

Mzee Maganga hakusikiliza ili asikie. Alisikiliza ili asisikie. Siku ambayo jina la Ng'washi halikusomwa ilikuwa siku njema, na hata maharage yaliiva vizuri.

Haya yote niliyajua. Shule nzima iliyajua.

Jumapili, watu wakiwa ibadani, nilipita dirishani na bisibisi. Nilijiambia naazima. Siku mbili tatu, tunapima, tunarudisha. Nilikata waya, nikatoa bodi, nikafunga mfuniko kwa adabu zote.

Bodi ilikuwa kubwa kuliko kopo letu la biskuti.

Nikaikata kwa msumeno wa chuma.

Ilipasuka katikati kama biskuti yenyewe. Shaba ikabanduka. Na hicho kipande kilichobaki, kila tulipochomea waya, umeme ulikwenda kusikotakiwa, vilevile kama alivyosema Mrisho. Siku ya tatu Philbert alikitupa kitandani.

"Tupige misumari, Alina."

Tukapiga misumari.

Kwa hiyo elewa vizuri: nilimwibia mzee kitu ambacho sikukitumia, na ambacho sikuweza kukirudisha.

Nilisubiri kelele. Nilisubiri mwalimu wa zamu atuweke mstarini. Hakuna kilichotokea. Siku ileile ya Jumapili mzee aliweka sikio kwenye redio tupu, akatulia, akasema, "Leo hajasomwa."

Jumatatu hivyohivyo. Jumanne pia.

"Mzee kachanganyikiwa," Philbert alinong'ona, tukacheka mpaka maharage yakatupalia. Ndiyo, tulicheka. Nisingeandika haya kama ningetaka kuonekana mzuri.

Jumamosi niliomba ruhusa, nikaenda kwa Mrisho kuchukua risasi ya kumalizia kazi. Redio yake ilikuwa imewashwa. Habari zikaisha. Mrisho akashusha bisibisi kwa heshima, na majina yakaanza.

Jina la nne.

"Bwana Bujiku wa Chimala anasikitika kutangaza kifo cha dada yake, Ng'washi, kilichotokea jana. Habari zimfikie mume wa marehemu, Bwana Maganga, mpishi, aliyeko Iringa. Mazishi ni kesho Jumapili alasiri. Mume anasubiriwa."

Mrisho aligeuka. "Maganga mpishi. Si wenu huyo?"

"Ndiye."

"Inna lillahi. Kimbia ukamwambie."

"Atakuwa amesikia, fundi. Ana redio."

Nilisema hivyo. Kwa mdomo huu.

"Hata kama anayo," Mrisho alisema. "Msiba hauambiwi na sanduku peke yake. Nenda, mwanangu. Basi la Mbeya la leo bado, na la alfajiri lipo."

Nilikimbia kweli. Nilifika jikoni ninahema. Mzee alikuwa anasugua sufuria.

"We Mbeya! Umefukuzwa na nani?"

"Hakuna, mzee."

"Leo hajasomwa," aliniambia akitabasamu. "Wiki nzima. Nafikiri anapona." Akanipa ukoko kwenye karatasi.

Nilisimama pale na ule ukoko mkononi. Nikimwambia, ataniuliza kwa nini redio yake haikusema. Ataifungua. Nitafukuzwa shule. Baba yangu ataniua.

Nikasema moyoni, nitamwambia jioni.

Jioni kulikuwa na watu. Nikasema, alfajiri kabla ya basi.

Alfajiri niliamka. Nilikaa kitandani nimevaa viatu. Nikasikia basi likipiga honi kule chini barabarani, likaondoka.

Jumapili alasiri bendi ilifanya mazoezi mbele ya bwalo. Philbert alikanyaga kikanyagio, ule mtego wetu wa panya, na gitaa likanguruma. Jamani, lilinguruma! Wanafunzi walirusha kofia.

Mzee Maganga alitoka jikoni na mwiko wake. Akasikiliza. Akaanza kutikisa mabega, kidogokidogo, kama wanavyocheza kwao. Watu wakamshangilia. Akazunguka, mwiko juu, anacheka.

Ilikuwa saa tisa na nusu.

Nilikwenda nyuma ya bwalo, nikakaa huko mpaka gitaa liliponyamaza.

Alhamisi asubuhi nilikuwa jikoni namenya viazi, adhabu ya kuchelewa paredi. Akaingia mtu mrefu mwenye fimbo na vumbi hadi kwenye kope. Hakusalimia.

"Shemeji," alisema. "Tulikusubiri mpaka jua likaribie kuzama. Kaburi wazi. Watu wakasema tumfukie, nikasema bado, anakuja."

Mzee alikaa juu ya gunia la unga. Hakuuliza ni nani.

"Tumemzika Jumapili," Bujiku alisema. "Ilisomwa Jumamosi, nimeisikia mwenyewe. Jina lako limetajwa. Una redio, Maganga!"

Akaichukua pale dirishani. Akaitikisa. Akafungua mfuniko.

Nikasimama. Viazi vikabiringika sakafuni.

"Ni mimi," nilisema. "Bodi nimeitoa mimi."

"Najua," alisema Mzee Maganga.

Tuligeuka wote wawili.

"Najua tangu siku ile. Niliishika, ikawa nyepesi. Nikaifungua. Na bisibisi yako uliiacha dirishani, Mbeya, imeandikwa jina."

Bujiku alimkodolea macho. "Ulijua haina kitu, na ulikuwa unaisikiliza?"

"Ndiyo."

"Kwa nini, shemeji?"

Mzee alitazama mikono yake.

"Kila saa saba nilikuwa nangoja jina lake lisomwe. Miezi mitatu. Siku nilipoikuta tupu nikasema, haya, leo hakuna wa kunisomea. Mlinzi ana redio. Walimu wana redio. Ningeweza kwenda. Sikwenda. Nilitaka awe hai kidogo zaidi."

Sufuria ilikuwa inachemka peke yake.

"Usilie, ng'wanawane," aliniambia, kwa neno la kwao la kumwita mtoto wako. "Bodi nimekusamehe. Nusu ya kosa hili ni langu, siwezi kulikana."

Hapo ndipo ningeweza kunyamaza. Hakuna aliyejua zaidi. Nimesamehewa, mzee amebeba nusu, kesi imekwisha.

Lakini alikuwa ameniita mtoto wake.

"Mzee, mimi nilisikia."

"Ulisikia nini?"

"Tangazo. Jumamosi, kwa fundi Mrisho. Nilikuja kukwambia. Sikukwambia."

Aliinua uso polepole.

"Ulipokuja unahema?"

"Ndiyo."

"Nikakupa ukoko."

"Ndiyo, mzee."

"Basi lilikuwa bado."

"Bado."

"Na Jumapili, nilipokuwa nacheza?"

Nilitikisa kichwa kukubali.

Alisimama. Akafungua aproni, akaikunja vizuri mara nne, akaiweka juu ya meza. Hakunipiga. Hakupandisha sauti.

"Hiyo, Mbeya, siiwezi," alisema.

Akatoka na shemeji yake. Hakurudi tena kupika pale shuleni, na sanduku lake la nguo lilifuatwa na mtu mwingine.

Nilijipeleka mwenyewe kwa mwalimu mkuu. Viboko sita, wiki mbili nyumbani. Vilikuwa vichache. Philbert alivunja kikanyagio kwa jiwe na hatukukizungumzia tena.

Nilimwandikia mzee barua tatu kupitia posta ya Chimala. Ya tatu ilijibiwa na binti yake, Roza, kwa mistari miwili: "Baba amepokea. Anasema hana neno."

Kwa miaka mingi nilijifariji kwamba hata yeye hakutaka kujua. Si kweli. Aliyekimbia habari ni yeye, na hiyo ni haki yake; habari ilikuwa yake. Mimi niliikalia ili nisifukuzwe shule, na haikuwa yangu.

Wewe unayesoma, kama kuna jambo la mtu unalijua na yeye hajalijua, usimpimie wakati mzuri. Wakati mzuri utakuwa wako, hautakuwa wake. Mpelekee leo, kwa miguu yako. Akikutukana, akutukane. Akilia, kilio ni chake, umempa kilicho chake, na basi la alfajiri atalipata.