Sura ya Kaka Haikuwa ya Hasira

Wifi yangu anakula kwa kutazama nyuso za watu. Msicheke. Kuna filamu zinazotengenezwa ili wasioona nao wazifuate: sauti inawasimulia nani kaingia, kashika nini, kakunja uso vipi. Maneno hayo, kwa Kiingereza, anayeandika ni wifi, pale pale mezani kwao kati ya pasi na birika, kisha anayatuma kwa mhariri wake ng'ambo.

Mwanzoni huyo mhariri alimtoa jasho. Wifi alijifunza Kiingereza kwenye kamusi nene, akatoka humo na maneno yaliyovaa suti. Mtu akinuna kidogo tu, yeye anaandika "wrathful", ghadhabu ya vitabuni, utadhani mbingu zimeshuka. Mhariri anarudisha: sarufi safi, lakini hakuna binadamu anayesema hivyo jikoni kwake, andika tu "annoyed", kaudhika. Basi wifi akajitungia utaratibu. Anasimamisha filamu, anamwita kaka yangu, fundi wa kufuli, mtu mwenye uso laini kama unga uliokandwa, anamwambia aige sura ile.

"Haya, unajisikiaje humo ndani?"

"Kama mtu aliyepitwa kwenye foleni."

Ndipo wifi anatafuta neno ambalo jirani angelitumia kwa mtu aliyepitwa kwenye foleni. Nilikuwa nawakuta wamecheka mpaka chai imepoa, na nasema wazi, niliwaonea wivu.

Kisha kaka akapata kiharusi. Mkono ulirudi, mguu ulirudi, lakini upande wa kushoto wa uso ukagoma. Kliniki, daktari wa mazoezi, mgeni asiyejua Kiswahili hata cha kuombea maji, akampa kazi ya kila siku mbele ya kioo: inua nyusi, vuta shavu, tabasamu. Mkewe amsimamie. Kaka hakufanya. Wifi akikaa mbele yake na kioo, yeye anageukia ukutani. Akimbembeleza, anapiga meza.

"Wifi, kaka yako ana hasira na mimi," aliniambia tukianika nguo. "Sijui nimemkosea nini."

Nilimwamini. Kaka yangu namjua, akinuna hata paka anahama nyumba.

Siku ya kliniki tulikwenda watatu. Daktari alimpima, akatikisa kichwa, akamweleza wifi naye akatufasiria: misuli ya uso ikikaa bure sana inazoea kulala, na wagonjwa wanaoisubiri nafasi hiyo ni wengi. Asiyetaka mazoezi itabidi ampishe mwingine. Lakini kwanza, akauliza, mgonjwa anakuwa na sura gani mkimwambia aanze? Nipe neno moja la kawaida, nijue nashughulika na nini.

Wifi neno alikuwa nalo, hata kamusi halikuhitaji. Alifungua mdomo aseme "angry". Halafu mazoea ya kazi yakamshika, akageuka amtazame kwanza anayemsema. Kaka alikuwa ameinamisha macho, kiganja kimefunika shavu la kushoto. Wifi akafunga mdomo.

"Baba watoto, una hasira na mimi?"

Kaka akatikisa kichwa.

"Sasa nini?"

"Naona haya." Maneno yalimtoka kwa upande mmoja wa mdomo.

"Unamwonea haya nani? Daktari?"

"Wewe. Uso wangu ulikuwa unaupenda."

Mimi nikatazama dirishani, maana machozi yangu hayana adabu. Nilijua wifi anachagua neno. Aliniambia baadaye: "ashamed" aliliacha, hilo ni la mtu aliyefanya kosa, na kaka hakumkosea mtu. "Shy" ni la mtoto aliyejificha nyuma ya gauni la mama yake.

"Embarrassed," akamwambia daktari, kisha akajigusa kifuani kumwonyesha ni mbele ya nani.

Daktari akakiweka kioo pembeni. Akamuuliza kaka, kupitia kwa wifi, anataka wafanyeje.

"Atoke," kaka akasema, kidole kwa mkewe. "Na huyu mbea naye."

Nikafyonya, nikatoka. Wifi alinifuata, akaufunga mlango taratibu, akaketi kwenye benchi la korido na kuanza kulia.

"Nyuso za watu nisiowajua nimezitazama zote, wifi. Huu wangu ndio nafungiwa mlango."

Nikamshika mkono. Huko ndani tukasikia, "Iii. Ooo. Iii." Alikuwa anafanya! Mlango ule una kioo kidogo juu, nami nikainuka nichungulie. Wifi akanivuta gauni.

"Kaa chini."

"Kwani wewe huna hamu ya kumwona?"

"Ninayo, tena sana," alisema, akijifuta macho. "Ila nitamngoja mpaka atake nimwone."