Nyambizi ya Mume Wangu

Mimi sikuolewa na nyambizi. Niliolewa na fundi umeme, mtu mwenye heshima zake, na karakana yake ilikuja baadaye, alipostaafu, ikakaa pale pale nilipotaka kufugia kuku. Iko nyuma ya nyumba yetu hapa Awindiri, mjini Arua, chumba kimoja cha matofali, na ndani mna meza, jiliwa la kubania vyuma, tupa, misasa, makopo ya gundi yasiyofungika vizuri, na rafu iliyojaa boti ndogo ndogo. Zipo za mbao, zipo za bati, na moja ina taa zinazowaka kwelikweli. Watu wakiniuliza mzee anatengeneza boti za kwenda wapi na Arua haina ziwa, nawaambia kamuulizeni mwenyewe, mimi nina sufuria jikoni.

Mwenzake katika mambo hayo ni mdogo wake, shemeji yangu wa Koboko. Naye ana karakana uani kwake, na tena ana kitu ambacho mume wangu amemwonea wivu miaka yote: bwawa la samaki. Wawili hao walikuwa wanapigiana simu karibu kila jioni kubishana habari za gundi. Gundi! Nilikuwa nasema moyoni, wenzangu waume zao wanakunywa pombe, wangu anakunywa harufu ya gundi, basi nishukuru.

Nyambizi ndiyo iliyomtoa jasho kuliko zote. Mwili wake ni bomba la plastiki, lile la maji, amelichonga na kulipaka rangi nyeusi. Ndani kuna bomba kubwa la sindano alilopata duka la dawa, na mota ndogo ya kulivuta na kulisukuma. Likivuta maji, chombo kinazama. Likiyatema, kinapanda. Rimoti yake ni ya zamani, ina antena ndefu, maana alisema hizi za kisasa mawimbi yake hayapenyi maji. Haya nayajua kwa sababu ameyasema mezani mpaka chakula kikapoa.

Na walikuwa na sheria yao, yeye na mdogo wake, aliyeitunga ni yeye. Chombo kikiwa chini ya maji, rimoti haishikwi na mtu mwingine, hata nini kitokee. Maji ya kwetu ni ya udongo, huoni kitu. Mwenye rimoti anaendesha kwa kichwa chake: anakumbuka alikiacha wapi, kimetazama upande gani, amekiambia nini mara ya mwisho. Ukimpokonya, umeshika kiboksi tu.

Halafu akaanza kusahau. Siku moja alitoka kwenda ibada kanisani Mvara, njia aliyoipita maisha yake yote, akarudishwa na kijana wa boda aliyemkuta amesimama barabarani anasalimia watu. Daktari alisema ugonjwa huu hauna dawa ya kuuondoa, tumwache afanye anayoyajua. Anayoyajua yako karakanani. Kwa hiyo nikahamia huko na ungo wangu wa maharage, nakaa kwenye kiti cha mlangoni, namlinda mtu mzima.

Alikuwa anaifunga nyambizi, anapaka grisi kwenye raba, anaitumbukiza kwenye pipa la maji, anatazama kama inatoa mapovu. Haitoi. Anaikausha vizuri, anaiweka mezani, anageuka kuchukua kitambaa. Akirudi anaikuta.

"Nani alifunga hii?"

"Wewe."

"Mimi hapana funga hivi. Hii iko na maji ndani."

Anafungua tena. Sisi Kiswahili chetu ndicho hicho cha nyumbani. Yeye Mkakwa wa Koboko, mimi Mlugbara, na kila mmoja anadai lugha ya mwenziwe inamkwama kooni. Anafungua, anapaka, anafunga, anatumbukiza. Asubuhi nzima. Siku moja uvumilivu ukaniisha, nikapiga kelele: "Basi! Haina maji! Utaimaliza hiyo raba!" Akaniangalia kwa upole, akasema, "Mama, mimi iko najaribu tu." Nilitoka nikaenda kulia nyuma ya choo, nilijichukia vibaya sana.

Binti yetu yuko Kampala. Aliposikia baba yake ameacha chuma cha kulehemu kinawaka na meza ikaungua, alisema yamekwisha: karakana ifungwe kwa kufuli, baba aje akae kwake, kwenye nyumba ya ghorofani. Mume wangu ghorofani! Atashika nini huko? Atashika rimoti ya televisheni? Tuligombana kwenye simu mpaka nikamwambia hivi: tunakwenda Koboko kwa baba yako mdogo, nyambizi inaingia bwawani. Akiizamisha na kuipandisha mwenyewe, anabaki kwake na karakana inabaki wazi. Akishindwa, njoo umchukue. Mtoto akakubali. Nilipokata simu nikajishangaa, maana nimemweka mume wangu kwenye mtihani na yeye hajui kama yuko darasani.

Tulikwenda. Shemeji alikuwa amefyeka nyasi pembeni mwa bwawa na kuweka vigoda, na mke wake akatupa enyasa, ugali wetu wa muhogo, na samaki, tukala mchana tukashiba. Mvua ilikuwa imenyesha usiku wake, maji yalikuwa kama chai ya maziwa. Mume wangu akavaa miwani, akaunganisha betri, akavuta antena, akajaribu usukani kushoto na kulia. Akamkaripia mdogo wake kwamba kamba aliyofunga kwenye kibao cha kutelemshia nyambizi majini ni ya kufungia mbuzi. Shemeji akacheka, akanikonyeza. Jamani, nilifurahi! Huyo ndiye mume wangu, mgomvi wa kamba.

Nyambizi ikaenda juu ya maji taratibu, ikapinda, ikarudi. Kisha akasema, "Sasa," na ile nyeusi ikadidimia, ikabaki ncha, na ncha ikapotea. Hakuna kilichoonekana tena. Yeye alikuwa ametulia, macho juu ya maji, kidole gumba kikisogea kidogo sana.

"Sasa inapita pale kwa majani," akasema. "Sasa nageuza."

"Kaka, iko sawa kabisa," shemeji akasema kwa sauti ya chini.

Wakati huo huo jirani wa shemeji akapita njiani, mzee mwenye kofia, mtu wa adabu. Angepitaje watu wazima wamekaa asiwasalimie? Akaja moja kwa moja, mkono mbele. Na mume wangu, ambaye hajawahi kumnyima mtu mkono, akaisukuma rimoti kwapani, akampa mkono wa kulia, na salamu zikaanza. Habari ya nyumbani, habari ya watoto, habari ya mashamba, habari ya mvua. Alijibu yote, aliuliza yote, hakukosea hata moja. Alimpa pole ya msiba wa zamani ambao mimi mwenyewe niliusahau. Mtu angemwona angesema huyu ana akili kutushinda wote. Mimi nilikuwa nimekaa nimebana magoti, nasema moyoni: maliza, baba, maliza, mwache aende.

Jirani akaaga. Mume wangu akamsindikiza kwa macho mpaka akakata kona. Kisha akahisi kitu kwapani, akakitoa, akakigeuza.

"Hii ya nani?"

Shemeji alisimama. Nikamwona anainua mikono, mikono yote miwili, halafu ikabaki hewani.

"Shemeji, ishike!" nikamwambia. "Si unajua kuiendesha?"

"Shemeji, chombo iko chini."

"Najua iko chini! Ndiyo maana nakuambia ishike!"

"Yeye ndiye aliiacha huko. Mimi sijui iko wapi, sijui inaangalia wapi." Akaificha mikono nyuma, mtu mwenye mvi. "Mkubwa wangu nitamnyang'anya vipi, mama? Hajafa."

Yesu wangu. Nilitaka kumpiga, na nilitaka kumkumbatia. Mume wangu akaiweka rimoti kwenye nyasi, polepole, kama mtu anayerudisha kitu cha wenyewe. Nikaiokota mimi. Hiyo sheria sikuitunga mimi wala sikuapa. Lakini nilipoitazama, vijiti viwili na swichi, sikujua hata pa kugusa, na kwa kugusa nisipopajua ningeweza kuichimbia matopeni. Nikapiga magoti mbele yake nikamwekea mikononi.

"Mzee, ipandishe."

"Nini?"

"Nyambizi. Iko chini. Ipandishe, tafadhali."

Akanitazama, akaona nalia, na kwa kuwa yeye si mtu wa kumwacha mwanamke alie, akasukuma kijiti kimoja. Akasubiri. Akasukuma kingine. Akanitazama tena kuona kama amefanya vizuri. Maji yalikaa vile vile, samaki mmoja akaruka kule mbali, sote wawili mimi na shemeji tukageuka upesi, kisha tukatazama chini.

Tulikaa. Shemeji alisema betri lazima imekwisha sasa, halafu akasema labda bado. Nilijua nitakayomwambia binti yetu na nilijua atanijibu nini. Mume wangu alitazama maji pamoja nasi kwa muda mrefu, kwa subira, kama mgeni anayewasindikiza wenyeji kwenye jambo lao. Mwisho akainuka, akajipangusa suruali, akanishika mkono.

"Twende, mama," akasema. "Hapa hapana kitu."

Nikainuka, nikachukua koti lake, tukaenda.