Sahani ya Baba

Jirani anakaanga vitunguu vya pilau, na harufu imenirudisha Nakwa, kwa bibi mzaa baba, mchana wa Krismasi. Nilivaa gauni jipya lililokuwa bado linanukia duka, nikakataa hata soda nisije nikalichafua kabla baba hajaliona. Wiki nzima nilimwomba Mungu amlete. Sahani yake nilipakua mwenyewe, nikaifunika.

Kwetu hakuna aliyekula kabla ya kutoa shukrani yake. Bibi alishukuru kwa mvua. Baba mdogo alishukuru kwa kazi. Mama alifumba macho, akapapasa kovu la shavuni, kisha akasema, "Asante Mungu, mwaka huu hakuja."

"Amina," wakaitikia wote, na sauti ya bibi ilizidi za wengine.

Nilimtazama bibi. Si ni mwanawe?

"Na wewe, mjukuu wangu, unashukuru nini?" akaniuliza.

Nilisema nashukuru kwa gauni. Wakaitikia amina. Bibi akaifunua ile sahani, akaisogeza mbele yangu.

Nilikula. Mchuzi ukanidondokea kifuani, na hakuna aliyenigombeza.