Siku Mama Alipotaka Kuonja Simu

Mimi nilikuwa nimeshachagua kabla mama hajateremka kutoka Kinole, milimani. Simu yenyewe niliiona kwenye duka dogo pale Msamvu, hapa Morogoro mjini: nyembamba, ya bluu, kioo kikubwa, na kamera inayopiga picha safi mpaka unahesabu kope za mtu. Pembeni yake ilikaa nyingine ya bei ileile, nyeusi, nene, nzito kama kipande cha sabuni ya mche. Hiyo sikuitazama mara mbili.

Ya bluu niliitaka kwa sababu moja. Mama na mdogo wangu walikuwa hawazungumzi tangu Pasaka, na nilitaka waonane uso kwa uso kwenye kile kioo. Niliamini kwamba kijana akimwona mama yake anavyozeeka, roho itamlainika, na mama naye akimwona mwanawe alivyokonda, ataacha ukaidi.

Mdogo wangu ni fundi umeme, na huu ni mwaka wa nne yuko mbali, Mpanda. Huko amepata mchumba. Wiki ya Pasaka alimpigia mama, akamweleza habari za binti, kwao na wazazi wake, kisha akamwomba amfikishie mjomba ujumbe. Kwetu Waluguru mjomba ana neno kubwa kwenye ndoa ya mpwa wake, na katika ukoo wetu kijana hamwendei mwenyewe. Mjomba huambiwa na dada yake. Mama akinyamaza, mjomba hajui, na mjomba asipojua hakuna posa. Basi mama alisikiliza mpaka mwisho, akajibu, "Haya mwanangu, salimia wenzako," akakata simu. Miezi ikapita na mjomba hakuambiwa kitu. Mdogo wangu akaona jibu ameshapewa: mama hataki mkwe wa kutoka mbali. Akaacha kupiga.

Mimi nami niliona hivyohivyo, na hasira yangu ilizidi ya kwake. Nilimpigia mama kumuuliza, akaniambia mvua ni nzuri mwaka huu. Nikauliza tena kwa ukali, akasema nimsalimie mume wangu. Nikasema moyoni, huyu ametia pamba masikioni kwa makusudi, na nikakata. Wiki tatu sikumpigia. Kupanda Kinole kumuuliza ana kwa ana sikutaka pia, maana kwa hesabu zangu mkosaji alikuwa yeye, na mkosaji ndiye anayeshuka mlima. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, sitalificha hilo. Mume wangu hunikumbusha kila anapopata nafasi.

Halafu kitochi cha mama, kile kisimu chake cha vitufe, kikavimba betri. Aliniagizia kwa jirani anayeleta ndizi mjini kwamba atakuja Jumatano na nimtafutie simu nyingine. Nikaona Mungu amenifungulia mlango. Nilipanga nisimguse kwa maneno ya mchumba mpaka nimwonyeshe uso wa mwanawe kwenye simu ya bluu.

Alifika na kikapu cha mdalasini na pilipili manga, amejifunga khanga mbili, na miguuni viatu vyake vya kanisani. Nikamwamkia, akaitikia, akaniangalia usoni kwa makini. Siku hizo alikuwa na tabia hiyo, anakukazia macho unapoongea. Nilidhani anapima kama bado nimenuna. Kwa kweli nilikuwa bado nimenuna.

Dukani tulimkuta muuzaji mwenyewe, mama wa makamo mwenye asili ya Kondoa, mtandio umembana vizuri kichwani. Alimpa mama shikamoo, akamvutia kiti, akaziweka zile simu mbili juu ya kioo cha kabati.

"Zote zinaingia laini mbili, na zote zina intaneti," alisema. "Hii ya bluu raha yake ni picha. Hii nyeusi inakaa na chaji hata siku mbili, halafu ina sauti. Hapo ni wewe na moyo wako, mama."

"Tunachukua ya bluu," nikasema.

Mama alikuwa ameshazishika zote mbili, moja kila mkono, anazipima uzito kama anavyopima magome ya mdalasini. Akazirudisha mezani.

"Naomba nionje kwanza," akasema.

Wateja wawili waliokuwa nyuma yetu wakacheka. Inabidi nieleze kwamba kwetu Kinole hilo si jambo la kuchekesha. Anayeuza mananasi hukata moja na kumpa mnunuzi kipande. Mdalasini huvunjwa, ukautafuna hapohapo. Pilipili manga unaweza kuikataa mbele ya mwenye nayo baada ya kuitia mdomoni, na hakuna anayenuna. Mama amekaa sokoni miaka arobaini kwa utaratibu huo, hivyo hakuona kwa nini simu ipewe heshima kuliko nanasi.

"Simu haionjwi, mama yangu," muuzaji akamwambia kwa upole. "Nikifungua boksi, hiyo imeshauzwa."

"Basi mimi nitauziwa mbuzi kwenye gunia. Nitajuaje kama inaongea?"

"Mama, zote zinaongea," nikadakia. Aibu ilikuwa imenipanda mpaka shingoni. "Lipa twende."

Mama alikaa tu, mikono juu ya kikapu, na mimi namjua mama akikaa hivyo. Muuzaji naye nadhani alimjua, maana kwao pia lazima wapo wa namna hiyo. Akasema hizi mbili za mezani ni za maonyesho, anaweza kutia laini ya mama ajaribu. Ila laini ilikuwa ya zamani, pana, isiyoingia kwenye simu za kisasa, ikabidi ikatwe. Mama alipoona kile kikatio alisimama.

"Unaikata namba yangu? Mwanangu wa Mpanda akipiga atanipata wapi?"

Hapo nikajiuliza. Mtu asiyetaka kuongea na mwanawe, anajali nini namba ikikatwa? Lakini sikulifuata wazo hilo. Muuzaji alimwelewesha kwamba kinachokatwa ni plastiki tu, namba inabaki, na mama akaketi tena akisimamia kazi ile kwa macho mpaka mwisho.

Laini ikatiwa kwenye simu ya bluu. Muuzaji akaniambia nitoke nje nimpigie. Nilisimama barazani, upande wa pili wa dirisha la kioo, nikapiga. Mama akaweka simu sikioni.

"Mama, unanisikia?"

"Nakusikia vizuri, mwanangu."

Basi, nikasema, imekwisha hiyo. Nikataka kuongeza neno lingine la kumalizia, na pikipiki ikapita karibu mno na baraza. Nikageuka kuitazama, mgongo wangu ukawa dirishani.

"Asubuhi umekula nini?" nikauliza, sauti ileile, simu ileile.

"Ndiyo mwanangu. Nzuri sana."

Nikadhani pikipiki imemeza maneno. Nikauliza tena, bado nimempa mgongo. "Mama, nauliza umekula nini leo."

"Haya, haya. Salimia wenzako."

Nilisimama pale barazani kwa muda nikiitazama simu yangu. Kisha nikageuka polepole. Mama alikuwa amekaza macho kwenye kioo cha dirisha, akiusubiri mdomo wangu.

Mambo yalinijia yote kwa mara moja, na hakuna hata moja lililonipendeza. Mwaka jana aliacha kwaya ya parokia akisema ni magoti, na magoti hayohayo yanampandisha shambani kila siku. Macho yake ya siku hizi usoni mwa watu. Majibu yake ya mvua na salamu. Nikamwona Pasaka ile, amebana kile kitochi sikioni, mtoto wake anamweleza jambo kubwa kuliko yote aliyowahi kumweleza, na yeye anapata mvumo tu, anangoja ukatike ili aitikie kwa adabu. Mjomba angeambiwa nini, na nani? Nami nikamwita mkaidi. Nilimkatia simu mama yangu. Niliona haya ambayo sijawahi kuiona tangu niolewe.

Nilirudi ndani. Nilimwomba muuzaji ahamishie laini kwenye ile nyeusi. Alinitazama mara moja, akaihamisha bila maswali, akapandisha sauti mpaka juu kabisa. Nikatoka tena, safari hii nikampa mgongo tangu mwanzo.

"Mama, asubuhi umekula nini?"

Nilifumba macho.

"Muhogo," sauti yake ikaja. "Na chai. Lakini mbona unaongea umenigeuzia mgongo, nimekukosea nini?"

Nililia pale barazani, na sikujali nani ananiona. Nilipoingia, mama alikuwa anaigeuza ile simu nyeusi mkononi.

"Nachukua hii," akamwambia muuzaji. "Ile nyingine inanong'ona."

Tulipotoka nilimwambia, "Nisamehe, mama."

"Kwa lipi?" akauliza, akanitangulia kutembea.

Njiani kuelekea kwangu nilimwambia, nikiwa nimemkabili, kwamba Jumatatu tunakwenda kwa daktari wa masikio. Akasema masikio yake ni mazima, simu za siku hizi ndizo mbovu. Tukatembea kidogo. Kisha akauliza, Jumatatu asubuhi au mchana?

Nyumbani nilimwekea chai, nikamweleza kwamba mdogo wangu amenuna na kwamba kuna jambo alilisema Pasaka. Sikumwambia ni jambo gani. Nilitaka nimpigie kwanza yule kijana nimweleze hali, nimlainishie njia. Mama akakataa.

"Usimwambie kitu. Ni mwanangu, nitamwambia mwenyewe."

Nikamtafutia namba, nikabonyeza, akaiweka simu sikioni. Iliita muda mrefu. Mdogo wangu alipopokea, sauti yake ilitoka kubwa kiasi kwamba nilimsikia kutoka nilipokaa.

"Shikamoo mama." Ilikuwa shikamoo ya baridi, ya wajibu tu.

"Marahaba. Mwanangu, Pasaka ulinipigia ukaniambia jambo."

"Ndiyo, mama. Nawe ulinijibu."

Mama alitazama chini. Nilijua anachotaka kusema, na nilijua kinavyomgharimu, maana mama ni mwanamke ambaye hajawahi kuomba mtu ambebee hata kuni.

"Sikukusikia," akasema. "Masikio yangu yanakufa, mwanangu. Niliitikia tu. Kila anayepiga, naitikia tu."

Baridi ikamtoka mdogo wangu sautini.

"Mama, kwa nini hukusema?"

"Niliona haya. Sasa anza upya, tangu mwanzo. Usiache hata neno."

Akaanza. Alieleza habari za binti, wazazi wake, duka dogo la vitenge analosimamia, na siku walipokutana kwenye nyumba aliyokuwa anaitia umeme. Mama alisikiliza amefumba macho. Hakuwa na haja ya kutazama mdomo wa mtu. Kijana alipomaliza, mama alifumbua macho.

"Kesho nakwenda kwa mjomba wako," akasema. "Binti mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko hapa, mama. Amekaa pembeni yangu."

"Mpe simu."

Kulikuwa na vishindo vidogo, minong'ono, mtu akisukumizwa. Kisha sauti ya kike, ndogo, yenye woga, ikasema shikamoo na ikaishia hapo.

"Marahaba, mama," mama akaitikia. "Ongea, mwanangu. Nakusikia."