Hedi ya Gari la Mwalimu

Miaka ile ya sabini nilifanya kazi katika karakana ya Mhindi mmoja mjini Kisii, nikinyoosha hedi, yaani vifuniko vya juu vya injini, kwa mashine. Hedi ya aluminiamu ni nyepesi, lakini haivumilii pupa. Injini ikichemka mlimani nawe ukaimwagia maji baridi ya mto, hedi hupinda. Kila mwenye gari nilimwambia angoje ipoe kwanza. Walinisikia vizuri, kisha wakaenda kumwaga maji.

Kwa hiyo mwalimu mmoja wa Ikonge alipoleta hedi yake imepinda, nilimfokea hata kabla hajaketi.

“Mwalimu, hata wewe? Si nilikwambia ungoje?”

“Uliniambia, fundi.” Aliiweka mezani polepole. “Lakini mama watoto alikuwa kiti cha nyuma, ameshikwa na uchungu wa kuzaa. Ningengojaje?”

Sikufikiri kuuliza kama walifika hospitali. Niliifunga hedi kwenye mashine, nikamwahidi, kama nilivyowaahidi wote, kwamba ningejitahidi aipate jioni ile ile.

“Usiharakishe,” akasema. “Tumeshamzika.”

Basi nikachonga taratibu, nikiondoa tabaka jembamba kama ganda la kitunguu, mpaka nilipolaza rula juu yake mwanga haukupenya chini yake. Siku zote niligombana na wateja kwa ajili ya haraka yao. Siku hiyo nilipewa muda wote niliowahi kuutaka, nami nikautamani ule ugomvi.