Taa za Mjomba Zilizong'aa Mchana

Mwanangu, ipo alfajiri moja ambayo miguu yangu huikumbuka kabla ya akili. Nikiketi mbele garini, hata barabara ikiwa tupu, miguu hukaza kana kwamba chini yake pana breki.

Nilikuwa nimerudi Mtwara na shahada ya fizikia, bila kazi. Mjomba, kaka yake mama, ndiye aliyenisomesha, na kwetu kauli ya mjomba haipingwi. Alikuwa na gari kuukuu, akipakia abiria mtaani Chikongola kabla ya mapambazuko ili wawahi kuvuka mto Ruvuma pale Kilambo. Taa zake za mbele zilikuwa zimefifia. Ule utando wa fedha ulio ndani ya kikombe cha taa, unaorudisha mwanga mbele, ulikuwa umejaa ukungu na madoa.

"Msomi, nuru na vioo si ndizo habari zako?" akaniuliza.

Nikasema ndizo. Ningeweza kusema sijui.

Nikazifungua taa, nikasugua ndani kwa kitambaa na dawa ya meno, kwa kuwa nilikuwa nimeona watu wakisafisha vioo vya nje vya taa kwa namna hiyo. Utando ule ni mwembamba kuliko ganda la kitunguu. Ukaondoka wote na kitambaa, ikabaki plastiki ya kijivu. Hapo hofu ikaniingia mara ya kwanza, nayo, nikuambie kweli, haikuwa hofu ya ajali. Niliogopa kuchekwa.

Nikanunua kopo la rangi ya fedha, nikapulizia. Ziling'aa juani hata nikajisifu. Kabla ya kuzifunga nilipita mtaa wa Chuno kwa Mzee Nandonde, fundi wa taa, vikombe mkononi, kuazima bisibisi. Akakiinua kikombe kimoja, akakigeuzageuza.

"Unajiona humo?"

"Naona weupe tu, Mzee."

"Basi na mwanga utapotelea kwenye weupe huohuo. Rangi huutawanya. Utando ukishatoka hurudishwa kwa mashine, huko Dar, ama utafute taa ya gari lililokufa. Lete gari jioni tulielekeze ukutani."

Ukuta wake ulipakwa chokaa, ukachorwa mstari wa mkaa. Hakuna gari lililoondoka kwake mpaka mwanga uweke ukingo mkali chini ya mstari ule. Nilijua anasema kweli. Sheria hiyo ya mwanga niliijibu vizuri katika mtihani. Nikaitikia, "Sawa, Mzee." Sikwenda.

"Zimepona, Mjomba," nikasema nyumbani.

"Aisee! Shahada si bure," akawaambia majirani.

Alfajiri nikaketi kando yake. Nyuma walikuwamo abiria watano, na mama mmoja akatania, "Leo dereva ana msaidizi wa chuo kikuu, tutashuka na vyeti." Wakacheka. Tulipoacha taa za mji, giza likatumeza. Mwanga wetu ukamwagika kando kama maziwa. Majani ya mikorosho yakawaka, barabara yenyewe ikabaki nyeusi.

"Mbona zinanionyesha mikorosho, njia siioni?" akauliza Mjomba.

"Bado mpya, zitakaa sawa."

Akaniamini. Hilo ndilo linalonichoma hadi leo. Akaongeza mwendo, maana bahari ikipwa, maji ya mto yangeshuka na mashua zisingevuka. Kidogo baadaye akauliza tena, "Una hakika?" Nikaitikia kwa kichwa. Mara mbili nilifungua kinywa niseme, na mara zote mbili nikasikia kicheko cha abiria ambacho hakikuwapo.

Kisha kitu cheupe kikatokea, karibu mno. Mjomba akakata usukani. Breki, vumbi, kishindo cha kitu kupasuka. Kile cheupe kilikuwa ndoo, kichwani mwa mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni.

Sikuthubutu kutazama nje. Halafu mtoto akalia, na sijapata kusikia kilio kilichonifariji kama kile.

"Nyie!" akafoka mama yake kutoka majanini. "Gari lenu halina macho?"

Nikashuka, nikawakuta wote wawili wazima. "Mjomba, taa niliziua mimi. Nikazipaka rangi."

Hakuna aliyecheka. Mjomba akazima injini, tukakaa pale mpaka kulipopambazuka. Alisema jambo moja tu: "Ningekuuliza mara ya tatu, ungeniambia?"

Baadaye Mzee Nandonde alivipeleka vikombe vile Dar, vikarudi ving'avu. Nilipouona uso wangu ndani yake, nikageuka.

Sasa nawe unaanza kazi, mwanangu, na watu watakuamini kwa sababu ya cheti chako. Usiipime kazi yako kwa jinsi inavyopendeza mchana. Itafutie giza lake, uipime humo kabla ya kuikabidhi. Lisilojulikana kwako, litamke kuwa hulijui. Ukiharibu, sema siku hiyohiyo, hata kama sauti inatetemeka, wala usingoje kuulizwa mara ya tatu. Kicheko nilichokiogopa hakikuja kamwe. Hofu nyingine, ile ya ndoo nyeupe, haijaniacha.

Mungu akujalie ulimi mwepesi wa kukiri. Na kila atakayekuwa mbele yako gizani, akujalie umwone angali mbali.