Dari la Sebuleni, Ujiji

Juzi kijana tunayefanya naye kazi alinialika mtaani kwake Buzebazeba nikaone nyumba yake ya kwanza. Marumaru zinang'aa, taa zimezamishwa darini, sofa bado zimevaa nailoni. Alinikaribisha kwa tabasamu, nami nikasimama pale mlangoni. Harufu ile naijua. Ikikuingia puani utotoni haitoki tena: mkojo wa popo, mkali, na utamu kidogo ndani yake, kama kitu kilichochachia kwenye godoro.

"Mliziba matundu ya juu ya ukuta kabla ya kupiga dari?" nikamuuliza.

"Fundi alisema tutaziba baadaye, mzee wangu. Hayaonekani."

Nilikunywa soda yake huku nimebana pumzi. Njia nzima ya kurudi, akili yangu ilikuwa nyumbani kwetu Ujiji.

Ilikuwa nyumba ya matofali mabichi na bati, uani jiko la kuni lililonukia mawese na samaki wetu wa ziwani, migebuka. Haikuwa na dari. Na choo chetu cha shimo, niseme wazi maana watu hupenda kukumbuka utoto kana kwamba haukuwa na choo, kilikuwa kimejaa. Funza walipanda mpaka kwenye kandambili. Sisi watoto tulijibana mpaka tufike shule. "Nyumba huanzia chooni," mama alikuwa akisema, na baba, aliyekuwa karani bandarini, alipopata fedha za kukarabati, mama akadhani siku imefika.

Baba akanunua silingibodi.

Kijana mmoja wa kijiji cha Simbo alikuwa anamtaka dada yangu mkubwa, na wazee wake walikuwa waje kuposa. "Mgeni haanzii chooni," baba alisema, "anaanzia sebuleni." Fundi akapiga dari la mbao zile, nyeupe pe, lakini kule upenuni, kati ya ukuta na bati, akaacha mwanya wa kupitisha ngumi. Mama alimwonyesha. Baba akamkata: "Mama watoto, waachie mafundi kazi yao."

Popo walikuwa hawatupendi, kwa kuwa mwanga na moshi wa uani vilipita juu huko bila kizuizi. Sasa tuliwatengenezea giza. Jua likizama tukawasikia wakikwaruza. Kisha yakaja madoa, rangi ya chai ya rangi, yakitambaa kutoka pembeni, na kinyesi kama punje za mchele mweusi kikidondoka mkekani. Bibi, tuliyeishi naye, akawa anakula sahani ameifunika kwa ushungi. Na baba? Baba alipaka rangi. Alipaka rangi nyeupe juu ya mkojo, doa likarudi, akapaka tena.

Siku ya posa mama na dada walipika ugali wa muhogo na migebuka ya mawese iliyojaa bakuli. Ubani ulichomwa mpaka tukakohoa. Msemaji wa wageni, mzee mwenye kanzu safi, ndiyo kwanza ameanza kueleza ua waliloliona kwenye bustani yetu, tone likamdondokea begani. Akajifuta. Akanusa vidole vyake. Akatazama juu.

Ubao uliolowa ukapasuka katikati. Kila kilichokuwa kimejikusanya kule kikamwagika juu ya chakula, na pamoja nacho kitoto cha popo, chekundu, hakina hata unyoya, kikaangukia bakulini. Kilikuwa hai. Kilipiga vibawa vyake ndani ya mawese, na hakuna aliyethubutu kukitoa.

"Tutazungumza siku nyingine, bwana," yule mzee alisema. Baba alimfuata hadi barabarani na kitambaa mkononi, akimsihi amruhusu kuifuta kanzu.

Hawakurudi. Huko Simbo ikasemwa dada ametoka katika nyumba inayooza. Alizifumua nywele alizosukwa kwa ajili ya siku ile, akaziosha na kuziosha, akilia kwamba bado zinanuka.

Kesho yake baba alirudi na kopo jingine la rangi. Mama alilitazama, akajifunga khanga puani, akachukua mchi wa kinu na kuanza kulitwanga dari. Dada akaingia kumsaidia, bibi akafuata na ufagio. Vumbi lililotoka sitalisimulia. Baba alisimama uani, kopo mkononi, mpaka ubao wa mwisho ukashuka. Ndipo akauliza, kwa sauti ya chini, "Hicho choo ulitaka kikae wapi?"

Choo kilichimbwa. Dada aliolewa baadaye na mtu wa hapohapo Ujiji, wageni wakila huku wakitazama mabati.

Kwa hiyo wewe unayejenga mara ya kwanza, anza na choo na paa. Ziba kila mwanya kwa wavu kabla fundi hajapandisha ubao hata mmoja. Na ukiona doa, usilipake rangi. Panda juu ukaone limetoka wapi.

Mimi nimejenga hivyo, na kwangu hakunuki. Lakini kuta za ndani za nyumba ile ya Ujiji hazikufika batini, na alfajiri mama aliweza kutuita akiwa kitandani, jina moja moja, sauti ikipita juu ya vyumba vyote, nasi tukaitika tukiwa bado gizani. Mama hayupo, na nyumba imebomolewa. Siku hizi chai ikiiva nampigia simu mwanangu aliye chumba cha pili.